Gauni la Lornah

Mwaka wa 1988, hakukuwa na fundi wa cherehani pale Kaloleni aliyesifiwa kwa vipimo kama Kadija, na hakukuwa na jirani aliyemkera kama Selpha. Binti zao, Lornah wa Selpha na Rehma wa Kadija, walikimbia pamoja tangu wakiwa wadogo. Shule moja ya bweni karibu na Maseno, iliyochagua wanariadha, ilikuwa na nafasi moja tu. Katika mbio za mchujo, Lornah alitoka wa kwanza, Rehma wa pili. Barua ya shule ilisema wazi kwamba asiyeripoti Jumatatu na sare kamili, nafasi yake itapewa anayemfuata.

Na Selpha, bila haya, akamletea Kadija kitambaa cha gauni la sare. "Mama Rehma, mtoto ni wetu sote. Nisaidie."

Wetu sote. Maneno hayo yalimkwama Kadija kooni kama mwiba wa samaki. Hata hivyo alimpima Lornah, akakata, akashona. Angeweza kuchelewesha, lakini hakutaka mtu aseme ana kijicho.

Jumamosi Lornah alipolivaa, gauni lilikwama mabegani. Selpha akalivuta huku na huku, likagoma. Kadija akaapa kwamba alipima vizuri, na kweli alikuwa amepima.

Rehma, aliyekuwa amekaa mlangoni, akaomba alijaribu. Likamkaa sawasawa, mabega, kiuno, hata upindo. Rehma akajitazama, uso umemchangamka.

"Mama, kwani na mimi nimeitwa?"

Kadija alimvua gauni taratibu, akachukua wembe, akaanza kufumua mishono iliyofuata vipimo vya Rehma, ili limtoshe Lornah.