Kwinini na Bao la Thika

Nilimeza kwinini ya siku mbili kwa mpigo, eti malaria iishe kabla ya mechi yetu kule Thika. Yule dresa wa zahanati, bwana mkubwa wa koti jeupe na kucha chafu, alikuwa amenitupia vidonge kama anayelisha kuku, bila kunionya neno. Uwanjani masikio yakavuma kama mashine ya katani. Refa alipiga filimbi kwamba nimeotea, sikusikia kitu. Nikafunga bao, nikazunguka uwanja mzima nikishangilia peke yangu, huku wale mabwege wa Thika wakigaagaa kwa kicheko. Tukashindwa. Nyumbani Ruiru nikamlalamikia mama kwa kelele kwamba dresa ameniulia masikio. Akaniinamia sikioni, akapaza sauti: "Hayo masikio yalikufa zamani, baba. Dresa ameyazika tu."