Koti la Afisa Mifugo

Mimi ni dobi hapa Mazwi. Asubuhi ya mafunzo ya ujasiriamali, baridi ilikuwa kali, nami sikutaka kwenda kinyonge, nikavaa koti la mteja wangu, afisa mifugo. Njiani akapiga simu kuliulizia.

"Shikamoo mzee. Bado bichi, si unaona ukungu huu?"

Ukumbini tukaambiwa anakuja mgeni wa kuchagua nani apewe mtaji. Zamu yangu ilipofika nikasimama kifua mbele kama mkurugenzi wa benki, nikatamka: "Kwangu, nguo ya mteja naitunza kama yangu mwenyewe."

Wenzangu wakapiga makofi. Mgeni naye alikuwa ameshaingia, kasimama mlangoni na shati jepesi, anatetemeka. Alikuwa yule afisa mifugo.

"Naona, kijana," akasema. "Limeshakauka?"