Hata Nikikuomba, Usipunguze

Mume wangu ni fundi wa magari, na mtaa mzima unamwita Taratibu. Ni mtu anayefunga mlango wa gari kama vile kuna mtoto mchanga amelala ndani. Nati ikigoma haitukani. Anaipaka oili, anaisubiri, anaiambia pole. Mimi subira hiyo sina, na sijifichi. Nimeshamwambia mara nyingi kwamba chuma hakina masikio, naye hunijibu kwamba mwenda pole hajikwai.

Basi alijikwaa, tena kwa upole wake huohuo.

Kaka yangu ana pikapu kuukuu ya kubebea fanicha. Injini ilipochoka alimletea shemeji yake, maana angempelekea nani mwingine? Taratibu aliishusha, akaifungua yote, akaweka ringi mpya na kemshafti mpya pamoja na tapeti zake. Kemshafti, kwa asiyeijua, ni fimbo ya chuma yenye nundu inayolala ndani ya injini. Nundu zinasukuma tapeti, tapeti zinafungua vali, injini inapumua. Siku ya kuwasha, gari liliitika mara moja. Akaliacha lingurume polepole nusu saa nzima, kama mgonjwa anayetembezwa uani. Wiki ya pili injini ikaanza kugonga. Alipomwaga oili, ilimeta kama rangi ya kucha kwa chembe za chuma. Nundu tatu zilikuwa zimelika zikawa bapa.

Kaka hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza mume wangu. Heri angetukana. Alisema tu kwamba vyuma ndivyo vilivyo, akaondoka kwa miguu. Ile kemshafti iliyokufa Taratibu aliileta nyumbani, akailaza juu ya meza ya chakula, tukawa tunakula tukiizunguka kama mgeni asiyejua kuaga. Siku ya tatu akaniambia ataifungua injini ya kaka mara moja tu zaidi. Ikifa tena, anaacha ufundi, kuna ghala linatafuta mlinzi. Miaka ishirini na miwili ya ufundi, halafu akashike tochi! Nilimjibu maneno ambayo siyarudii hapa, lakini ukweli ni kwamba niliogopa, kwa sababu mume wangu hasemi kitu asichokusudia.

Aliyemfumbua macho ni mama mmoja anayechonga vyuma kwa mashine, mtaa wa pili. Alizigeuza zile tapeti kiganjani, akauliza kama gari lilipowashwa liliachwa likinguruma polepole. Taratibu akakiri. Mama yule hakupepesa macho, akamwambia ameliua mwenyewe kwa mapenzi. Nundu za kemshafti ile hazina njia yake ya kuletewa oili. Zinaishi kwa matone yanayorushwa na krenki, ule mhimili mkubwa unaozunguka chini yake, na krenki ikienda polepole hairushi kitu cha maana. Kwa hiyo chuma kipya kilisuguana na chuma kipya, kikavu, nusu saa. Kemshafti ya namna ile, alisema, inataka mbio dakika ishirini za kwanza, mpaka nundu na tapeti zizoeane.

Safari hii nilikuwa nampelekea chai gereji ili nimwone anavyofanya. Ndani ya kila tundu la tapeti alichora kifereji chembamba kama unywele, cha kuteremsha oili moja kwa moja hadi kwenye nundu, kisha akaiosha bloki, yaani mwili wa injini, mara tatu isibaki hata chembe ya unga wa chuma. Akanunua kemshafti na tapeti nyingine mpya, nundu akazipaka grisi nzito nyeusi. Kabla ya kuwasha, aliizungusha pampu ya oili kwa drili mpaka oili ikapanda na kuchuruzika juu kwenye vali. Kikabaki kitu kimoja ambacho hakuweza kukirekebisha, nacho ni mguu wake. Mguu wa Taratibu haujaumbwa kukanyaga mafuta ya injini mpya.

Ndipo akanifuata mimi. Mimi ni msusi. Watu hulia mikononi mwangu, wananiomba nilegeze, nami naendelea kusuka. Akaniketisha kwenye usukani, akanionyesha mshale wa mizunguko.

"Mama watoto, huu usishuke chini ya elfu mbili kwa dakika ishirini. Hata nikikuomba upunguze, usipunguze."

Injini ilipowaka nikakanyaga. Mabati ya gereji yalitetemeka, moshi ukatanda, majirani wakachungulia. Kaka aliusikia mngurumo akiwa kona ya mbali, akaja mbio. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akawa anapiga kelele kwamba tunaiua tena. Mume wangu alizunguka boneti, akainama, akasikiliza, akashika kichwa. Dakika ya kumi na mbili akaja dirishani, macho mekundu.

"Punguza kidogo tu, mke wangu. Inaumia."

Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kuliko injini. Je, kama yule mama alikosea? Nitakuwa nimemvua mume wangu kazi yake kwa mguu wangu mwenyewe.

"Bado dakika nane," nikamwambia, nikapandisha kioo.

Zilipotimia nikainua mguu. Injini ikatulia, haikugonga hata mara moja. Taratibu akaizima, akamwaga oili ikiwa bado moto kwenye beseni langu jeupe, bila hata kuniomba. Ilikuwa nyeusi kwa ile grisi. Akaichuja kwa kitambaa, akakigeuza juani, akakigeuza tena. Hakikumeta popote. Kaka akakichukua kile kitambaa, akakitazama, akamshika shemeji yake bega. Akamwambia kesho asubuhi ana makabati mawili ya kupeleka, na atayapeleka na gari hili.

Alipoondoka, mume wangu alikaa juu ya tairi kuukuu. Akaniuliza kama niliogopa. Nikamwambia niliogopa tangu dakika ya kwanza.

"Sasa mbona nilipokuomba hukupunguza?"

"Ulinikataza ukiwa na akili zako," nikamjibu. "Aliyekuja dirishani simjui."

Alicheka mpaka akateleza kwenye tairi akakaa chini kwenye vumbi. Miezi miwili nyumba yangu haikuwa imesikia kicheko kile, nami nikakaa palepale kando yake, nikalia.