Betri Zilizomuua Mjomba Yohana

Juzi nilimkuta binti yangu, hapa Mbeya, amechomoa betri za rimoti. Alizigonga sakafuni, akaziuma kwa magego, akazirudisha. Sijui nani kamfundisha, maana mimi sikuwahi. Nilipozishika nikasikia ile harufu ya chuma iliyochanganyika na kutu, na mara nikawa Kilolo, miaka ya themanini, nje ya jiko la Bibi, ambako betri nne za redio zilianikwa juani kila asubuhi pembeni ya mahindi.

Habari za miaka ile ukizisikia leo utacheka. Sabuni imefika dukani: hiyo ilikuwa habari, na watu waliacha majembe shambani. Dereva wa lori la mbao kaonekana na suti: hiyo ilitutosha wiki mbili. Lakini zilizotikisa kijiji ni matangazo ya vifo ya redioni, yaliyosomwa mchana kwa sauti ya upole. Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani. Mazishi yatafanyika siku fulani. Mwisho kabisa, habari ziwafikie hawa na hawa, popote walipo. Kutajwa kwenye orodha ile ya mwisho kulikuwa heshima kubwa, ingawa hakuna aliyethubutu kusema hivyo.

Bibi, mama yake mama yangu, alikuwa mtu wa Kihehe. Kiswahili cha redio kilimpita kwa kasi. Kwa hiyo mimi, mtoto wa darasa la tatu, ndiye niliyekuwa msomaji wa habari wa nyumba ile. Wakubwa wakiwa shambani nilikaa na redio, na jioni niliwatolea taarifa kwa Kihehe, mgongo umenyooka, nimekohoa kwanza. Niliringa, siwafichi.

Kulikuwa na habari moja tu isiyosomwa kwetu, nayo ni ya Mjomba Yohana. Miaka minne nyuma alikuwa ameondoka kwenda Mafinga kujifunza useremala, wakati Bibi alitaka abaki ashike mashamba ya marehemu babu. Siku anafunga mzigo Bibi alimwambia, "Nenda. Utarudi kunizika." Mjomba, mkaidi sawasawa na aliyemzaa, hakurudi hata Krismasi. Bibi naye hakuuliza. Ila nilimwona, lori la mbao likipita barabarani, alikuwa akisimama na kuwatazama waliokaa juu ya mzigo mmoja mmoja.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu, betri hazikupata jua. Matangazo yalipoanza, redio ilikuwa inakoroma. Nikabandika sikio. Nikasikia, "Yohana Mgata wa Mafinga," halafu mkoromo, halafu "kifo," halafu mkoromo mrefu, halafu "mazishi kesho kutwa, Mafinga." Ikazima. Niligonga betri, nikaziuma, wapi.

Msomaji wa habari hasemi hakusikia. Nilikimbia hadi shambani nikamwambia Bibi kwamba Mjomba Yohana amefariki.

"We mtoto, umesikia vizuri?"

"Nimesikia jina lake, Bibi."

Hakulia. Majirani walilia, yeye akachota unga, akafunga shuka jeupe ndani ya kitenge. Alfajiri alinishika mkono, tukapata nafasi kwenye gari la viazi hadi Iringa mjini. Njia nzima aliniuliza jambo moja, kama redio ilisema alikuwa anaumwa nini.

Pale stendi sikuweza tena. Nikamwambia kwa kulia kwamba redio ilikatika, kwamba nilisikia jina na nikasikia kifo, yaliyo katikati sikuyasikia. Nilingoja kofi. Bibi alitazama magari ya kurudi Kilolo upande mmoja na basi la Mafinga upande wa pili.

"Panda basi," akasema.

Karakana ya Mjomba ilikuwa nyuma ya viwanda vya mbao. Tulimkuta ameinama, mwili mzima umejaa maranda, anapiga randa jeneza. Bibi alisimama mlangoni. Nami nilikuwa nimeshika kitenge chake.

"Kamwene, Yohana," akamsalimu. "Hilo ni lako?"

Randa ikamponyoka. "Kamwene, mama. Hapana. Ni la fundi aliyenifundisha kazi, amefariki. Hana mtu huku, mimi ndiye niliyetangaza redioni." Kisha akapiga magoti palepale kwenye maranda, mtu mzima na ndevu zake, akalia. "Umesikia tangazo langu, mama. Umekuja."

Bibi alinitazama. Nikajua nimekwisha. "Nimesikia," akamjibu. "Mpwa wako ndiye aliyenisomea. Anasoma vizuri." Akafungua mzigo, akatoa lile shuka, akasema ni la fundi.

Tulikaa Mafinga siku tano. Krismasi ile Mjomba alikuja Kilolo na meza aliyoitengeneza mwenyewe, na Bibi akalalamika kwamba ni ndefu mno, huku akiifuta mara tatu kwa siku.

Kwa miaka mingi nilidhani nilisalimika na kofi kwa bahati. Sasa nami ni mama, najua kwamba pale stendi Bibi alikwisha elewa kuwa huenda hakuna msiba wake. Angeweza kurudi nyumbani na kiburi chake kizima. Alipanda basi akijua anaweza kumkuta mwanawe hai, na kwa mtu aliyesema maneno yale, hilo lilihitaji moyo zaidi kuliko kwenda kuzika.

Kuna jambo jingine sikulijua hadi nilipokuwa mtu mzima. Mjomba alinisomea kutoka kwenye karatasi ya tangazo aliyoitunza. Mstari wake wa mwisho, ule ambao sikuusikia redio ilipozima, ulisema: habari zimfikie mama yangu mzazi, Kilolo, popote alipo. Nilimpelekea Bibi karatasi ile, wakati huo macho yake yameshaisha.

"Alinitaja?" akauliza.

"Alikutaja, Bibi."

Akajiweka sawa kitandani, akavuta kitenge mabegani kama mtu anayepokea wageni. "Basi soma," akasema. "Soma lote."