Nilivyomfuta Shangazi Kwenye Picha ya Gari

Mwishoni mwa miaka ya tisini, pale Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma ya Kongo, sikumjua mwanamke mwingine mwenye gari la viti viwili. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Wanawake wenzangu walikuwa na akili ya kununua gari lenye nafasi ya magunia. Mimi nilikuwa mfasiri katika shirika la misaada, sina mume, sina mtoto, nimekulia Mwanza na kurudi na mabegi matatu. Siku nilipoliona lile gari Goma, limeegeshwa nyuma ya duka la mbao, jekundu, fupi, tumbo karibu liguse ardhi, nilijua nimekwisha.

"Inakimbia sana," mwenye duka aliniambia.

Hakusema ikimbilie wapi. Goma yote ilikuwa mawe ya volkano, na upande wetu lami ya maana ilikuwa ile ya kando ya ziwa na ile inayopanda kwenda Mahoko, basi. Taa zake za mbele zilikuwa za kuinuka. Ukibonyeza kitufe zinachomoza kwenye boneti kama macho. Ila ya kulia ilikuwa imegoma. Kwa hiyo kila nilipowasha taa, gari langu lilimkonyeza mtu. Lilimkonyeza askari kwenye kizuizi. Liliwakonyeza masista wakitoka misa ya jioni. Watoto wa Mahoko wakalipa jina la igikeri, yaani chura, na sikuweza kuwabishia.

Nilimwandikia kaka yangu Mwanza kwamba nimenunua gari la spoti. Akajibu mstari mmoja: nitumie picha, maana wewe ukisema gari, huenda ni toroli.

Basi Jumapili moja niliazima kamera ya bosi wangu, nikanunua filamu ya picha thelathini na sita, nikaliosha gari na kuyapaka matairi mafuta ya kupikia ili yang'ae. Ningependa kulipiga kando ya ziwa, lakini siku hizo ukitoa kamera karibu na mpaka, askari walitaka kujua unapiga nini na unampelekea nani. Nikaliegesha uani kwangu, mbele ya ua wa miti, nikapiga goti. Hapo ndipo Shangazi alipoingia getini.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Aliishi Goma, akiuza vitenge pande zote mbili za mpaka. Karibu kila siku alivuka Grande Barrière, kizuizi kikubwa cha mpakani, na furushi kichwani, na Jumapili alikuja kwangu kula. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu aliye ng'ambo ya barabara. Alipoiona kamera aliweka furushi chini na kukaza kitenge.

"Ngoja, mi nisimame vizuri."

"Shangazi, leo napiga gari tu."

"Gari bila mutu? Batasema uliiba."

Alisimama mbele ya gari. Akasimama nyuma. Akaegemea mlango, akaegemea boneti mpaka boneti ikalia. Alifungua mlango akaweka mguu mmoja nje, kama mtu anayeshuka mbele ya hoteli. Kila nilipohamia upande mwingine kulipata gari peke yake, yeye alifika kabla yangu. Picha thelathini na sita zote zilikuwa na Shangazi, isipokuwa moja iliyokuwa na kidole changu gumba.

Filamu aliipeleka mwenyewe kusafishwa Goma. Alirudi na bahasha, uso unang'aa.

"Nimetoka vizuri yote," akasema. "Na gari pia iko inaonekana kidogo."

Kupiga upya hakukuwezekana. Bosi alikuwa amekwenda likizo Ulaya na kamera yake, na mvua ilikuwa imeanza ile ya kutwa nzima. Nikachukua picha moja, Shangazi akiwa ameegemea mlango, nikaenda nayo sekretariati.

Sekretariati ilikuwa chumba karibu na soko ambamo watu walichapiwa barua na kutolewa fotokopi. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa zamani wa shule ya msingi, mzee wa miwani minene, aliyekuwa amepata kompyuta, skana na programu ya kurekebisha picha. Alishika kipanya kwa ncha za vidole, kama chaki. Picha yangu ilipojitokeza kwenye kioo, aliitazama kama anatafuta makosa ya kupigia mstari mwekundu.

"Bon. Tunatoa nini?"

"Huyu mama."

"Alikosea nini?"

"Hajakosea, Mwalimu. Nataka gari libaki peke yake."

Aliniangalia juu ya miwani. "Kufuta iko rahisi," akasema. "Kazi iko kwa kujaza shimo."

Nilielewa alipomfuta. Palibaki shimo jeupe lenye umbo la Shangazi, mabega, kiuno na vyote, likiwa bado limeegemea gari langu. Ilibidi kulijaza. Mwalimu alikata kipande cha majani kutoka upande mmoja wa picha akakibandika upande wa pili, akakata kingine, akabandika. Kuku wangu mmoja alikuwa amepita nyuma wakati napiga; kila kipande cha majani kilikuja naye. Tulipomaliza, kulikuwa na kuku watatu wamesimama mstari, wote wameinua mguu wa kushoto.

"Acha bakae," Mwalimu akasema. "Kuku ni mali."

Kisha akanakili jicho la gari lililofunguka, akaligeuza, akalibandika mahali pa lile lililogoma. Lilikaa juu kidogo kuliko mwenzake, gari likaonekana kama limepewa habari ya ghafla. Lakini lilikuwa na macho mawili, na mimi nikapiga makofi. Umeme ukakatika wakati huo huo. Hakuwa amehifadhi chochote.

Kesho yake tulianza upya, Shangazi akiwa amerudi mlangoni akitabasamu, na safari hii tulimfuta kwa haraka. Printa ilitoa gari la rangi ya papai badala ya jekundu, kwa sababu ya wino, lakini nilirudi nyumbani nimeibana picha ile kifuani isilowe.

Jumapili Shangazi aliikuta mezani. Nilikuwa jikoni nikipakua maharage. Nikasikia kimya, na kimya hakikuwa kitu chake. Nilipotoka alikuwa ameisogeza picha karibu na dirisha.

"Kiatu hii iko ya nani?"

Nikainama. Karibu na gurudumu la mbele, kwenye nyasi, palikuwa na mguu mmoja. Mguu mzima, mpaka kwenye kifundo, umevaa sandali ya kijani yenye kifungo cha dhahabu. Mimi na Mwalimu tulikuwa tumetazama gari, hatukutazama chini. Sandali yenyewe, ile ile, ilikuwa pale sakafuni mbele yangu.

"Ulinifuta," Shangazi akasema.

"Shangazi, nilitaka tu..."

"Mi sijakufa, we unanifuta! Hata benye bamekufa, tunabaweka kwa ukuta!"

Wakati ule nyumba nyingi kwetu zilikuwa zimebaki na picha nyingi kuliko watu. Yeye mwenyewe alikuwa na picha ya baba yangu, imekunjika katikati, aliyoivusha mipaka miwili ndani ya sidiria. Na mimi nilikuwa nimekaa siku mbili nikimbadilisha kuwa kuku. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Alikula, lakini bila kuongea, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angesusa. Kesho yake, kwenye foleni ya mpaka, alifidia ule ukimya wote. Siku ya Jumatano nilikwenda Grande Barrière kikazi. Ofisa wa forodha akaangalia karatasi zangu, kisha akaangalia uso wangu.

"Ni wewe ulimufuta shangazi yako?"

Nyuma yangu wanawake wa vitenge waliguna kwa pamoja.

Nikavuka kwa miguu mpaka kibandani kwake kumwomba radhi. Nilimwambia mashine inayofuta inaweza pia kurudisha. Aliendelea kukunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena.

"Twende," akasema.

Mwalimu alimpa kiti chake mwenyewe. Shangazi alimtazama akifanya kazi kwa dakika chache, na nilimwona akianza kuelewa ni mashine ya namna gani ile.

"Donc, unaweza kuniweka popote?"

"Popote, mama."

"Niweke ndani. Hapana, si huko. Kwa usukani."

Mwalimu akamkata kutoka kwenye picha ya mguu nje ya mlango, akamkalisha kwenye usukani. Kichwa kilikuwa kikubwa kidogo kwa dirisha. Shangazi akasema kichwa kikubwa si kosa. Akaagiza kuku waondoke na ziwa liletwe. Mwalimu alilitoa kwenye kalenda iliyokuwa ukutani, akaiweka chini ya skana. Akaagiza apunguzwe shavu. Akaagiza gari liwe jekundu tena, na Mwalimu akafungua wino mpya aliokuwa anauficha. Kisha akasogea karibu na kioo na kuelekeza kidole kwenye mlango wa gari, ambapo rangi iliyong'aa ilikuwa imekamata kivuli cha mtu aliyepiga goti na kamera.

"Na huyu?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Mufute."

Mwalimu alinitazama juu ya miwani, kama anayeomba ruhusa. Nikainamisha kichwa. Nilitoka kwa mbofyo mmoja. Sikuacha hata kiatu.

"Bon," Shangazi akasema. "Sasa tuko sawa."

Alitaka nakala kumi, zote zifunikwe plastiki. Moja aliitundika sebuleni kwake, pembeni ya baba yangu. Moja aliitundika kibandani juu ya vitenge. Nyingine aligawa, na moja ikasafiri na mtu aliyekuwa anakwenda Mwanza. Baada ya wiki kadhaa nilipata barua ya kaka yangu. "Gari la Shangazi nimeliona," aliandika, "ni zuri mno. La kwako vipi?"

Nilikuwa bado natafuta la kumjibu Shangazi alipokuja siku ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Jumamosi tuko na ndoa Nyamyumba."

"Nani anaolewa?"

"Sijui jina yake. Gari yangu ndiyo imealikwa."

"Gari lako lipi, Shangazi?"

Alinitazama kwa huruma. "Ile ya picha."

Wateja wake walikuwa wameiona kibandani, wakamwomba awasaidie kumbeba bibi harusi, naye akakubali pale pale. Ningeweza kukataa. Lakini ni miezi michache tu tangu nimfute, na nilijua foleni nzima ya mpaka ingepata habari.

Jumamosi nilivaa shati jeupe, kama nilivyoagizwa. Tatizo la viti viwili lilionekana tulipofika kwa kina bibi harusi. Dereva ni mimi. Bibi harusi lazima apande, ndiyo maana ya safari. Na mwenye gari hawezi kuachwa. Shangazi akaketi kwanza, bibi harusi akakalishwa mapajani mwake, gauni likajaa mpaka kwenye gia, nikawa naitafuta gia ndani ya lesi. Bwana harusi alitutangulia kwa pikipiki na mwavuli.

"Huyu ni dereva wangu," Shangazi aliwaambia watu kupitia dirishani. "Anaendesha muzuri, hata kama ni mwanamuke."

Barabara ya Nyamyumba haikutengenezwa kwa ajili ya igikeri. Kabla ya kufika, gari lilipanda jiwe na kubaki juu yake, magurudumu ya mbele yakizunguka hewani. Nilitaka abiria washuke. Shangazi alikataa kwa niaba ya wote wawili, gauni lisichafuke. Wanaume sita wakatoka shambani, wakaliinua gari pamoja na bibi harusi na Shangazi, wakaliweka mbele ya jiwe wakihema. Kanisani, mjomba wa bwana harusi alichuchumaa mbele ya boneti na kuchunguza kwa muda.

"Kwa picha ilikuwa na macho mawili," akasema.

"Ingine imelala," Shangazi akajibu, akashuka.

Alikula meza ya wakubwa. Mimi nilikula na dereva wa lori la masufuria. Jioni tulirudi wawili tu, Shangazi akiutazama usukani mpaka tulipofika lami.

"Bananiuliza sababu gani siendeshi mwenyewe," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Nifundishe."

Nilimfundisha Jumapili baada ya Jumapili kwenye barabara ya kando ya ziwa, asubuhi, watu wakiwa makanisani. Aliendesha taratibu, mgongo wima, akipiga honi mbele ya kila mti. Alicheka peke yake wakati wa kubadilisha gia. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi namna ile, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba gari lile lilikuwa langu, au lake, vyovyote. Kitu kimoja alikataa kabisa kujifunza: kurudi nyuma. Alisema shingo yake haitaki, na kwamba kila anapokwenda kuko mbele.

Jumapili moja aliongeza mwendo, akapita pale tulipozoea kugeuzia, akaendelea.

"Shangazi, geuza."

"Nafasi ni ndogo."

"Basi simama, usukani nishike mimi."

"Bananiona," akasema, na kweli walikuwa wanamwona. Tulikuwa tumefika Grande Barrière. Alisimamisha gari pua ikiwa karibu na mti wa kizuizi, akabonyeza kitufe cha taa kwa bahati mbaya, na gari likamkonyeza ofisa wa forodha. Hatukuwa na karatasi za kuvusha gari, nyuma lori la vitunguu lilikuwa limeshatubana, na Shangazi hakuwa tayari kushuka kwenye usukani mbele ya wanawake wote wa vitenge.

Lori lilisogea kwa kelele nyingi. Ofisa akaita wabeba mizigo wanne, nami nikashuka kusaidia. Tulilisukuma gari kinyumenyume, kisha tukalizungusha mpaka pua ikaelekea mjini. Shangazi alibaki ameketi, mikono miwili kwenye usukani, akiwashukuru wasukumaji mmoja mmoja kwa kichwa. Kisha akaingiza gia ya kwanza na kuondoka. Ilinibidi nikimbie mpaka kwenye mnara wa maji ndipo akakumbuka kunisubiri.