Nyumba Niliyotumwa Kuikana

Serikali haina mdomo. Kwa miaka kadhaa niliiazima wangu, na sijui upweke unaopita ule.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa wakili mwandamizi wa serikali. Kazi yenyewe ilikuwa na vichwa viwili. Ofisini Nairobi niliishauri serikali faraghani: hapa mna haki, hapa hamna, hapa mtashindwa. Kortini niliisemea hadharani, na huko sikutakiwa kukumbuka nilichoshauri. Wenzangu waliliweza hilo bila taabu. Walivua ushauri, wakavaa joho, wakaenda. Mimi nilikuwa na tabia mbaya ya kukumbuka.

Kesi ya mama mzee wa upande wa Merigi ilinijia kwanza kama swali. Serikali ilitaka kupitisha barabara ya malori ya majani chai katikati ya shamba lake, na shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa amekubali kwa niaba ya ukoo. Mama mzee akashtaki. Alidai shemeji hana kauli pale, kwa sababu nyumba ile ina mwanamume wake, na mwanamume huyo ni yeye mwenyewe. Hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, alifanya kama desturi ya Wakipsigis inavyomruhusu mwanamke wa hali hiyo: alitoa ng'ombe wa mahari, akaoa msichana, na watoto waliozaliwa na msichana huyo wakawa wa nyumba yake. Tangu hapo, kwa mambo ya ardhi na mifugo, alihesabiwa mwanamume.

Ushauri wangu haukuchukua hata asubuhi moja. Niliandika kwamba desturi hiyo ipo, wenyewe wanaiheshimu, na kwa hiyo barabara ipindwe. Mkubwa wangu aliusoma, akaniita.

"Umeshauri vizuri sana," alisema. "Lakini wakubwa wameamua vingine. Utakwenda Kericho ukaseme kwamba sheria haiitambui ndoa ya mwanamke kwa mwanamke."

Nilimwambia kwetu ni Silibwet, kwa Wakipsigis hao hao. Nilimwambia zaidi ya hapo: mimi mwenyewe nilizaliwa katika nyumba ya namna hiyo.

"Basi utajua pa kupiga," alisema, na akavuta faili nyingine.

Nilitoka mle nikiwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumwonyesha. Kama ningeshinda, shemeji angekuwa mwenye shamba, na yule mke pamoja na watoto wake wangegeuka wageni waliokaa sana. Na kwa hoja hiyo hiyo, iliyotoka kinywani mwangu, mama yangu hakuwahi kuolewa na mimi sikuwa mtoto wa nyumba yoyote.

Nilifika Kericho wakati wa mvua, ingawa kusema "wakati wa mvua" kuhusu Kericho ni kupoteza maneno. Nililala katika nyumba ya wageni ya serikali, chumba chenye vitanda viwili, na kila asubuhi mtumishi alitandika vyote viwili. Siku moja niliingia hoteli ya chai iliyojaa wafanyakazi wa kiwandani, watu wa Kisii na wa kutoka ziwani, wakibishana juu ya mpira. Waliponiona na suti yangu, mabishano yalikwisha. Mwenye hoteli akanifutia meza ya pembeni. "Karibu mkubwa," alisema. "Kaa hapa peke yako, hakuna mtu atakusumbua." Mjumbe hauawi, lakini sijasikia methali inayosema atakaribishwa mezani.

Kwetu hapakuwa mbali kwa gari, na sikuweza kwenda. Wakili wa serikali akila kwao wiki ya kesi, kesho yake itasemwa amekula na mashahidi. Kwa hiyo nilikaa kwenye kile chumba nikimfikiria kogo, yaani bibi yangu, ambaye ndiye aliyemwoa mama. Alikuwa amefariki miaka michache kabla. Kwenye mikutano ya mipaka alikaa upande wa wazee wa kiume na kukohoa kama wao kabla ya kusema. Mche wa kwanza wa chai kwetu aliupanda yeye, na aliyeukanyaga alijuta. Nilipoanza shule, mwalimu aliniuliza jina la baba, nikataja la kogo. Darasa zima lilicheka. Mwalimu akaniandika jina la mume wa kogo, mtu aliyekufa kabla hata mama yangu hajafika kwenye boma lile, na nimeishi na jina hilo hadi leo. Sikuwahi kulalamika. Ila tangu siku ile nilijifunza kutojibu upesi ninapoulizwa mimi ni wa nani.

Jaji alikuwa Mzungu aliyekuja kwa mzunguko, mwenye haraka ya kuondoka. Mama mzee alipanda kizimbani amejifunga shuka, ndewe zake ndefu amezikunja juu ya masikio. Mimi nilisimama na wigi yangu ya manyoya ya farasi na joho jeusi, nikauliza kwa Kiingereza, na karani akafasiri kwa Kipsigis: "Wewe ni mwanamume au mwanamke?"

Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Huyu amevaa gauni na nywele za mnyama," alimwambia karani, "na hakuna aliyemwuliza swali hilo."

Benchi za nyuma ziliangua kicheko hadi askari wa korti akapiga kelele. Nilitamani kucheka nao.

"Tena anaisikia lugha," mama mzee aliendelea. "Nimeyaona macho yake kabla wewe hujafasiri. Ni wa nyumba ya nani?"

Kwetu hilo si utovu wa adabu. Mtu mzima hazungumzi jambo zito na mtu asiyemjua. Huuliza nyumba kwanza, ndipo maneno yafuate. Lakini jaji alikasirika. Alimtaka karani amwambie kwamba hapa anayeuliza ni wakili.

"Basi aulize mwingine," alisema mama mzee. "Sizungumzi mambo ya nyumba yangu na mtu asiye na nyumba."

Sheria ilikuwa upande wangu. Wakili hatoi ushahidi. Ningenyamaza kidogo tu, jaji angemhesabu kuwa amekataa kujibu, na kesi ingeelekea kwangu. Niliangalia benchi zile na sikuona uso hata mmoja wa kunisaidia. Niliogopa, na nilikuwa nimechoka kuogopa.

Nilimjibu kwa Kipsigis. Nilimwambia mimi ni wa nyumba ya mama mmoja wa Silibwet, marehemu, aliyemwoa mama yangu kwa ng'ombe.

Akaitikia kwa kichwa. "Sasa tumejuana," alisema. "Uliza swali lako."

Sikuwa nalo tena. Karani alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nifasirie jaji hii maneno yote, ama niache?"

"Fasiri yote," nilisema. Halafu nikamwomba jaji aniondoe katika kesi ile.

Serikali haikutuma wakili mwingine. Baada ya miezi kadhaa barabara ilipindwa, na watu wa Merigi wakasema nilikuwa nimetumwa nishindwe ili serikali ionekane ina huruma. Sikufukuzwa. Nilipewa kazi ya kuandika kanuni za leseni za mbwa, na hapakuwa tena na mtu aliyeniomba ushauri.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile ile ya korti nilimwambia dereva anipeleke Silibwet. Nilimkuta mama shambani na kapu lake mgongoni, akimalizia mstari wa mwisho. Nilimsimulia yote, nikiwa nimesimama kwenye matope na viatu vyangu vya Nairobi. Sitaficha: nilitarajia anisifu.

"Watakuachisha kazi?" aliuliza.

"Sijui, mama."

Alichuma, akatupa majani kapuni. "Ungeshinda tu, mtoto wangu."

"Ningeshinda kwa kusema wewe hukuolewa?"

"Ungesema walivyokutuma. Mimi najua nani aliniletea ng'ombe kwetu, na najua nimemzika wapi. Sikuwa nangoja korti iniambie."

Nikamwambia kwamba aliyekuwa akingoja ni mimi.