Bakuli la Bibi na Chai ya Kijani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuichemsha. Kwetu Ipyana chai ni kitu cha kuchemshwa: maji, majani, maziwa, sufuria ikaribie kufurika ndipo ujue imeiva. Basi matcha, ule unga wa kijani wa chai ya Kijapani ambao dada yangu aliniletea kutoka Dar es Salaam, niliutia kwenye maziwa yanayotokota. Ikatoka rangi ya maji ya kisamvu, chungu, yenye harufu ya nyasi. Niliimwaga haraka, nikaosha sufuria mara tatu ili mtu asijue.

Bibi aliona. Alikuwa amekuja kukaa nasi kutoka kijiji chake cha wafinyanzi kando ya ziwa, kwa sababu koo lilikuwa limeanza kukataa chakula, na kwetu hospitali ilikuwa karibu. Aliniuliza nimemwaga nini. Nikamweleza kwamba chai hii hunywewa hata baridi, kwa barafu, na kwamba nitajifunza kwenye simu mpaka nipatie. Yeye ndiye atakayeonja kwanza. Akafurahi. Vitu vya baridi tu ndivyo vilivyompita kooni bila ugomvi.

Nilipasua mwanzi kwa wembe, nikajitengenezea kifagio kidogo cha kukorogea. Bibi akaagiza udongo wa kwao, akanifinyangia bakuli, akalichoma uani kwa nyasi kavu. Nililiweka mezani, nikalitia maji nione kama limekaa sawa.

“Limepinda, bibi.”

“Vyungu vyangu vyote vimepinda, mume wangu, na watu wamepikia wakashiba.” Aliniita hivyo tangu nikiwa mtoto, kwa utani.

Siku unga ulipokorogeka vizuri, umeme ulikuwa umekatika na barafu hakuna. Siku barafu ilipopatikana, chai ilikuwa na madonge. Nikaanza kuchekecha unga kwa chujio la mama. Madonge yakaisha, povu likatoka na viputo vikubwa kama vya sabuni. Bibi alikuwa akikaa mkekani, akinitazama. Akiuliza, “Leo?” nilimjibu, “Bado.” Iliyoharibika niliinywa mwenyewe jikoni, nimempa mgongo.

Sikumnyima kwa uchoyo. Niliogopa aonje kitu kibaya akiteme mbele yangu. Nilijiona mimi, sikuliona koo lake.

Jumamosi moja kila kitu kilikubali. Povu lilikuwa laini, barafu ya jirani ilikuwa bado ngumu, rangi ilikuwa kama mpunga mchanga. Nikaingia chumbani nimeshika bakuli kwa mikono miwili. Mama alikuwa amemwinua bibi kichwa. Tangu asubuhi hata maji yalikuwa hayashuki.

Bibi akaliangalia bakuli. “Leo?” akanong'ona.

“Leo, bibi.”

Nilichovya kijiko, nikamlowesha midomo. Chai ikateremka kidevuni, na mama akaifuta kwa kanga. Bibi alikunja uso kidogo. Kama ni kwa uchungu wa chai au wa koo, sijui. Nikasimama pale na bakuli mpaka barafu ikayeyuka yote, maana sikujua la kufanya lingine.

Wiki ile ile tulimzika kwao, kando ya ziwa.

Bakuli ninalo, na bado nakoroga humo. Siku hizi chai ikiwa na madonge, naimimina hivyo hivyo na kumpa aliye karibu.